Huduma kwa Jamii Ni Shule ya Uongozi

Maneno yaliyoandaliwa kwa kikao cha wazazi, walimu, wanafunzi na wakazi, Kerugoya



Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10. Katika sekondari ya juu wamekutana na somo ambalo wazazi wao hawakulisoma: Mafunzo ya Huduma kwa Jamii. Somo hili si la hiari. Mwanafunzi aliyechagua sayansi, aliyechagua sayansi za jamii na aliyechagua sanaa na michezo, wote wanalifanya.

Mzazi anayelipa karo ana haki ya kuuliza: mtoto amepelekwa shuleni asome, au amepelekwa akafagie soko? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu kamili. Jibu lenyewe ni kwamba huduma kwa jamii, ikifanywa vizuri na kikundi cha wanafunzi, hufundisha uongozi kuliko beji yoyote ya kiranja. Ikifanywa vibaya, huwa siku moja ya kupigwa picha na karatasi ya kugongwa muhuri, na hapo mzazi atakuwa amesema kweli. Itakavyokuwa inategemea walimu, na kwa sehemu kubwa inawategemea ninyi wakazi mnaoishi karibu na shule.

Beji haitoshi

Eneo hili la Mlima Kenya lina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mei 1999, katika shule moja ya upili huko Nyeri, viranja wanne walifungiwa katika vyumba vyao usiku wakachomwa moto na wanafunzi wenzao. Wote wanne walifariki. Kosa halikuwa la vijana hao, na hakuna sababu inayoweza kuhalalisha kitendo kile. Lakini baada ya msiba huo walimu na wazazi kote nchini walianza kuulizana kuhusu namna viranja walivyokuwa wakipatikana na walivyotumiwa. Mara nyingi kijana aliteuliwa na ofisi, akapewa uwezo wa kuwaadhibu wenzake na chumba chake cha kulala. Wenzake walimwona kama askari wa walimu. Alibeba lawama ya kila amri ambayo hakuitoa yeye.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2009 lilianzishwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, na shule nyingi zikaanza kuwachagua viongozi wao kwa kura. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuketi katika bodi ya shule. Hatua hizo ni nzuri. Hata hivyo kura humpa mtu nafasi tu, haimpi uzoefu. Mwanafunzi anaweza kushinda kwa sababu ni mcheshi au ni mchezaji hodari, kisha akafika kwenye kiti bila kujua namna ya kugawa kazi, kumsikiliza anayempinga, kutunza pesa za wenzake au kusema wazi kwamba mpango umekwama. Mambo hayo hufundishwa na kazi yenyewe.

Ngwatio na kazi ya lazima

Wazee waliofika hapa wanaijua ngwatio. Majirani walikusanyika katika shamba la mmoja wao, wakalima pamoja, wakala pamoja, kesho yake wakaenda kwa mwingine. Methali ya Gikuyu husema, kamũingĩ koyaga ndĩrĩ: kikundi kidogo huinua kinu. Kinu cha zamani kilichongwa kutoka gogo zima la mti na mtu mmoja hakukiweza.

Lakini wazee hao hao, au wazazi wao, wanaijua pia kazi ya namna nyingine. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia mwaka 1952, watu wa vijiji vya eneo hili walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu na mpana kando ya msitu wa Mlima Kenya ili wapiganaji wasipate chakula. Huko Mwea, mashamba ya mpunga yalianza kuchimbwa katika miaka hiyo ya 1950 kwa mikono ya mahabusu. Hiyo nayo iliitwa kazi ya jamii, lakini aliyeshika jembe hakuulizwa, na aliyesimama na fimbo hakushika jembe.

Tofauti ya ngwatio na kazi ya lazima haiko kwenye jembe wala kwenye jasho. Iko katika maswali matatu: nani aliamua kazi ifanywe, nani anafaidika, na je, anayeongoza anafanya kazi pamoja na wenzake? Walimu wayaweke maswali hayo mbele yao. Shule inayomwadhibu mwanafunzi kwa kumtuma afyeke nyasi, kisha wiki inayofuata imwambie kwamba kufyeka nyasi za zahanati ni huduma kwa jamii, itakuwa imemfundisha kudharau yote mawili. Kazi ya mikono isitumiwe kama adhabu na kama somo katika shule moja.

Kikundi cha watu wanane

Mjini Nyeri kuna kaburi ambalo maskauti hulitembelea kutoka pande zote za dunia. Ni la Robert Baden-Powell, aliyefariki huko Januari 1941. Alikuwa jenerali wa jeshi la Uingereza, na historia ya jeshi hilo katika Afrika inajulikana. Lakini jambo moja alilolijaribu kwenye kambi ya vijana mwaka 1907, katika kisiwa cha Brownsea, limedumu. Aliwagawa wavulana katika vikundi vidogo vinne, kila kimoja na kiongozi wa rika lao. Kazi ilipewa kikundi, na kiongozi wa kikundi ndiye aliyeulizwa kuhusu hiyo kazi. Skauti walifika Kenya mwaka 1910, na hadi leo kikundi kidogo cha watoto sita hadi wanane ndicho msingi wao.

Idadi hiyo ina maana. Wanafunzi mia moja wakitumwa kusafisha soko, kumi watafanya kazi, thelathini watasaidia kidogo, waliobaki watasimama wakiongea, na hakuna atakayejua nani alifanya nini. Katika kikundi cha wanane, asiyefika huonekana. Kila mmoja anaweza kuwa na kazi yenye jina: kiongozi, mwandishi, mweka hazina, mtunza vifaa, mwenye kupima na kuhesabu, msemaji kwa wakazi, mwangalizi wa usalama, na msaidizi wa kiongozi ambaye atachukua nafasi muhula ujao.

Kazi hizo zizunguke. Ikiachwa hivi hivi, kuna desturi ya mvulana kuwa kiongozi na msichana kuwa mwandishi, kwa sababu ana hati nzuri. Mwalimu aangalie hilo mapema. Mwanafunzi mwenye ulemavu naye asipewe cheo cha kumpumzisha. Apewe kazi halisi anayoiweza, kama wenzake.

Mti unaopandwa na mti unaoshika

Somo la pili pia linatoka katika eneo hili. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Mwaka 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Sherehe ilikuwa nzuri na watu walikuwa wengi. Miti mingi kati ya hiyo saba haikuishi. Vuguvugu la Ukanda wa Kijani lilikua pale kazi ilipohamia kwa vikundi vya akina mama vijijini, waliotunza vitalu vyao wenyewe na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Hawakulipwa kwa mche uliopandwa tu. Kulikuwa na wataalamu wa misitu waliodhani kwamba kazi hiyo inahitaji diploma. Kufikia mwaka 2004, Wangari Maathai alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel, vikundi hivyo vilikuwa vimepanda miti ipatayo milioni 30.

Mpango wa Tuzo ya Rais, ulioanza nchini mwaka 1966 kwa vijana wa miaka 14 hadi 24, umejengwa kwa fikra kama hiyo. Anayetafuta shaba hutoa huduma kwa angalau miezi 3, fedha miezi 6, dhahabu miezi 12 au zaidi. Kinachohesabiwa ni kurudi kila wiki. Siku moja ya kishindo haimpi mtu tuzo.

Serikali ya kitaifa imeweka lengo la kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na shule nyingi zitashika majembe kwa ajili ya lengo hilo. Basi kikundi cha wanafunzi kisiulizwe kilipanda miche mingapi. Kiulizwe ni mingapi iliyo hai baada ya kiangazi. Kikundi kilichopanda miche 40 na kuihifadhi 35 kimejifunza uongozi kuliko shule iliyopanda 2,000 na kuiacha kwa mbuzi.

Mradi mmoja, hatua kwa hatua

Ili jambo hili lisibaki maneno, uchukuliwe mfano wa chemchemi iliyo bondeni chini ya shule, kama zilivyo nyingi kutoka Kerugoya kupanda hadi mashamba ya majani chai. Wanafunzi wanane wameona kwamba maji yake ni machafu. Wanataka kuijengea ukuta wa saruji.

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Kwa wiki mbili wanakwenda asubuhi na jioni, wanaandika nani anachota, kwa saa ngapi, na kwa mitungi mingapi. Huenda wakagundua kwamba mama anayechota hapo kila siku hana shida na ukuta. Shida yake ni njia inayoteleza wakati wa mvua, na ng'ombe wanaonyweshwa pale pale watu wanapochota. Mpango unabadilika. Kiongozi anayekubali kubadilisha mpango wake kwa sababu ya neno la mama mwenye mtungi amefaulu mtihani wa kwanza.

Hatua ya pili ni ruhusa. Wanamwona mwenye shamba ambalo njia inapita, mzee wa mtaa, na chama cha watumiaji wa maji cha eneo hilo, ambacho kinatambuliwa na Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Yupo anayeweza kuwa na mikaratusi kando ya maji, na asiyependa kusikia kwamba miti hiyo hunywa sana. Wanafunzi hawaendi kumkemea. Wanakwenda na daftari lao, wanamweleza walichokihesabu, wanamsikiliza.

Hatua ya tatu ni kugawa kazi na kupanga pesa. Ngazi za mawe na magogo, ua wa matete, hori la mifugo mita kadhaa chini ya mahali pa kuchota. Mweka hazina anaandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka katika daftari ambalo mkazi yeyote anaweza kulifungua. Mtoto wa miaka 16 aliyezoea kuonyesha hesabu hadharani atashangaa, akiwa mtu mzima, akimwona kiongozi anayezificha.

Hatua ya nne ni pale mambo yanapoharibika, na yataharibika. Wanafunzi wawili wataacha kufika. Mvua itabomoa ngazi mbili za kwanza. Kiongozi mwenye bidii atavutwa kufanya kazi yote peke yake ili ripoti ipendeze. Mwalimu mwema hatamwacha afanye hivyo, wala hatamaliza kazi kwa niaba yao. Atawaketisha wawaulize wale wawili kwa nini hawafiki. Pengine mmoja anachuma majani chai kila Jumamosi kusaidia nyumbani, na siku ya kazi inaweza kuhamishwa. Yaliyopatikana hapo hayamo katika kitabu chochote cha somo.

Hatua ya tano ni kurudi kwa wakazi. Katika baraza la chifu, msemaji anasimama na kueleza: hiki ndicho mlichotuambia, hiki ndicho tulichofanya, hiki kilitushinda, na huyu ndiye atakayetunza. Kisha baada ya miezi mitatu kikundi kinarudi kuangalia. Kama ng'ombe wamerudi pale pale, ripoti iseme hivyo.

Kazi hii haiishii bondeni. Maji ya vijito vya Mlima Kenya hushuka hadi mito ya Thiba na Nyamindi, na mito hiyo ndiyo inayonywesha mpunga wa Mwea. Mwanafunzi anayetunza chemchemi upande wa juu anamtumikia mkulima asiyemjua upande wa chini.

Usalama kwanza

Mwanafunzi bado ni mtoto, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda dhidi ya kazi ya hatari. Kila mradi uwe na mwalimu anayeujua na kibali cha mzazi kwa maandishi. Wanafunzi wasifanye kazi katikati ya barabara, wasiingie kwenye maji yenye kina, wasiguse taka za hospitali. Wakizoa taka za soko wawe na glavu na viatu vilivyofunika miguu. Mkazi asiwageuze vibarua wa bure katika shamba lake. Huduma kwa jamii ni kwa kitu kinachotumiwa na wengi, au kwa mtu asiyejiweza.

Kaunti inahusika wapi

Kwa Katiba ya mwaka 2010, shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ina shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini vitu ambavyo vikundi vya wanafunzi vitavigusa, yaani masoko, zahanati, uzoaji wa taka, barabara za mitaani na huduma za maji, viko katika Jedwali la Nne miongoni mwa kazi za kaunti. Mwanafunzi anayetoka lango la shule na daftari lake anaingia katika mambo ya kaunti.

Kwa hiyo daftari hilo lisiishie kabatini kwa mwalimu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti uwe umewasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Katika vikao hivyo watu wengi husema kwa jumla: hatuna maji, barabara ni mbaya. Kikundi cha wanafunzi kikija na hesabu ya wiki mbili, watu wangapi wanachota, mitungi mingapi, umbali gani kwa miguu, kitakuwa kimeleta ushahidi ambao mwakilishi wadi anaweza kuubeba. Hawajafikia umri wa kupiga kura, lakini hesabu yao ni sahihi kama ya mtu mzima.

Yanayoombwa kwa wakazi

Mambo manne yanaombwa kwenu.

Kwanza, wanafunzi wakija kuuliza, wajibuni kweli. Msiwaambie yale mnayodhani mwalimu anataka kusikia.

Pili, wapeni kazi yenye maana. Kila mtaa unajua kitu kilichoharibika ambacho mikono minane na miezi mitatu vinaweza kukitengeneza.

Tatu, fundisheni. Fundi mawe aliyestaafu, mkunga, mwenye kitalu cha kahawa, dereva wa bodaboda anayejua kona ambapo watoto hugongwa: hao wote ni walimu wa somo hili. Saa moja ya Jumamosi inatosha.

Nne, na hili ni gumu zaidi, kataeni kutia sahihi kazi ambayo haikufanyika. Mzazi anayemwombea mtoto wake muhuri kwa miche ambayo hakuipanda anamfundisha uongozi pia, ila wa namna ambayo nchi hii imeshauona wa kutosha.

Nanyi wanafunzi, msisubiri kuchaguliwa. Tafuteni wenzenu saba, tafuteni kitu kimoja kilicho karibu, anzeni kwa kuuliza. Mvua za vuli huanza Oktoba, na wakati huo kila mtu hupanda. Januari na Februari, jua linapokuwa kali na wageni wameshaondoka, ndipo atakapoonekana nani amerudi na ndoo ya maji.